Kilicho Chini ya Ulimi

Mavluda amevua viatu mlangoni
ingawa nilimwambia hapa si msikitini.
Amejilaza kitini, mkoba tumboni,
meno sita ya dhahabu, matatu juu, matatu chini.
"Yatoe, daktari. Mjukuu wangu anaolewa.
Kwenye picha anataka bibi mwenye meno meupe."

Mwaka alioolewa yeye, dhahabu ndiyo iliyokuwa picha.
Fundi Fayzullo alizunguka mitaa ya Khujand na sanduku lake,
akayakwangua meno mazima,
mazima kabisa, yasiyo hata na doa,
ili yavae.
Mkwe alilipa kondoo wawili.

Natia ganzi. Nakata kofia ya kwanza,
maji yanarukia miwani.
Chini yake kijiti cha kahawia, chembamba, kizima:
miaka hamsini gizani
kikingoja mtu akiulize kosa lake.
La pili, vivyo hivyo.
La tatu limeoza hadi shinani.
Naubonyeza ufizi, usaha unachungulia.
"Hilo liliniuma mwaka wa mafuriko," asema kwa mdomo wa ganzi,
"nikalitia karafuu na vodka ya mume wangu,
ile asiyokunywa."

Jino la pembe si dawa ya pengo.
Na la dhahabu nalo ni pazia tu,
nyuma yake kila mtu anaishi anavyojua.

Namweleza: hili nitaling'oa.
Haya mawili nitayavika kauri.
Gego la kushoto lina ufa, acha kuvunja kokwa za aprikoti,
nunua nyundo.
Ugaga nitaukwangua leo, damu itatoka, usiogope,
ufizi mgonjwa hulia ukiguswa na mswaki,
na dawa yake ni kuzidi kuupiga mswaki, taratibu,
hasa usiku, baada ya chai na ile sukari ya mawe.
Anaitikia kwa macho.
Kisha, akiwa na pamba mdomoni:
"Mtazame na huyu. Dakika moja. Hana shida yoyote."

Sattor, dereva wa malori ya pamba, mstaafu.
"Meno ya farasi haya!" Na kweli ni ya farasi:
ya manjano, marefu, yamejipanga kama askari.
Anatema tumbaku yake ya kijani kwenye karatasi,
anaikunja vizuri, anaitia mfukoni.
"Inua ulimi."

Pale pale anapoiweka tumbaku
tangu alipokuwa jeshini,
pana baka jeupe, kubwa kama mbegu ya tikiti.
Nikalifuta kwa kitambaa.
Halikufutika.
Nikalifuta tena, kama mtu anayefuta jina lililoandikwa vibaya.

"Linauma?"
"Haliumi."
Hilo ndilo nililoliogopa.
Jino likiugua hupiga ukunga,
humwamsha mwenyewe saa nane za usiku,
humtembeza uani ameshika shavu,
humleta kwangu hata kama hana pesa.
Hili limenyamaza.
Limekaa chini ya ulimi usio na mfupa
na halijasema neno.

Nikamwambia yale yanayosemeka:
mabaka mengi ya namna hii huwa si kitu.
Machache huwa kitu.
Nitakata kipande, kama punje ya mtama,
kiende Dushanbe kikapimwe.
Tumbaku iishe leo, si kesho.
Neno lile lenyewe sikulitaja,
lakini Mavluda aliniangalia mkono, si uso,
na mkono wangu ulikuwa umeshachukua simu.

Akafungua kiberiti alimotia zile kofia tatu,
akaziweka juu ya meza yangu, moja moja,
kama mtu anayehesabu mayai.
"Zilipie kipimo chake."
"Na kauri? Na picha ya arusi?"
"Nitafunga mdomo."

Akaufunga.
Mumewe alikuwa bado ameuacha wake wazi,
ulimi juu,
akisubiri nimwambie aushushe.